Pangeni Kurudi Kabla ya Kwenda: Safari Fupi ya Milima ya Upare

Wengi wenu mmepita Same mara nyingi. Mmekaa dirishani ndani ya basi la Moshi au la Dar es Salaam, mkaiona milima ile, kisha mkaendelea na safari. Ni wachache waliouliza: Je, huko juu kuna nini? Leo twende pamoja, kwa magari ya abiria na kwa miguu, tukiwa na watoto wetu wakubwa wakati wa likizo.

Labda baba mmoja atasema: "Sisi hutembea kila siku kwenda shambani. Kutembea tena milimani kuna faida gani?" Faida ipo. Mji wa Same ni mkavu, una miiba na vumbi. Lakini pepo zitokazo Bahari ya Hindi hupanda milima upande wa mashariki, hupoa, na kuangusha mvua huko. Ndiyo maana juu kuna msitu, migomba na vijito. Mtoto aliyesoma jambo hili darasani atalielewa vizuri akiliona kwa macho yake. Tena ataiona ndiva, yaani bwawa la Wapare la tangu zamani. Maji ya kijito hukusanywa humo usiku, na asubuhi hufunguliwa yaende mashambani kwa mifereji, kila mtu kwa zamu yake. Kazi ya kuitunza hufanywa na watu wote pamoja, nao huiita msaragambo.

GARI LINAMFUATA NANI?

Sasa sikilizeni jambo lililo kubwa kuliko yote. Magari ya milimani hayakuwekwa kwa ajili ya watembezi. Yamewekwa kwa ajili ya watu wa milimani: mama mwenye mzigo wa ndizi, mgonjwa aendaye hospitali, mzee mwenye shauri wilayani. Hao wanataka kufika mjini asubuhi na kurudi kwao mchana. Basi gari hushuka alfajiri na kupanda mchana, kinyume kabisa cha matakwa ya mgeni, ambaye angependa kupanda asubuhi na kushuka jioni.

Tutwae mfano wa Mbaga, ulioko karibu mita 1,350 juu ya bahari. Kwa desturi gari la Mbaga huondoka Same kati ya saa tano asubuhi na saa nane mchana. Kushuka, huondoka saa kumi au saa kumi na moja alfajiri. Ukilikosa hilo, pengine umelala siku nyingine. Wahenga walisema: Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Kwa hiyo, kabla hujauliza gari la kwenda, uliza la kurudi.

HESABU YA SIKU TATU

Anza Jumatatu. Dominika tuna Misa, na siku hiyo magari huwa machache. Jumamosi nayo ina shida yake: Wasabato wako Upareni tangu mwaka 1903, nao ni wengi, kwa hiyo usistaajabu ukiambiwa gari fulani siku hiyo limepumzika.

Jumatatu, anayetoka Moshi apande basi la mapema. Ni kilometa 105 hivi, kama saa mbili za njia, basi atafika Same na nafasi ya kutosha. Anayetoka Dar es Salaam alfajiri atafika mchana, wakati gari la mlimani huenda limekwisha kuondoka. Huyo atie katika hesabu yake usiku mmoja wa kulala Same. Stendi, uliza nauli kwa abiria wenzako, si kwa wapiga debe. Na gari likijaa mpaka watu wananing'inia mlangoni, liache liende. Magari ya kwenda Gonja hupita Kisiwani chini ya mlima, na kutoka hapo mwenye miguu mizuri aweza kupanda Mbaga mchana. Usijaribu usiku: bonde hilo linapakana na Hifadhi ya Mkomazi, na tembo hawana ratiba.

Jumanne ndiyo siku ya kutembea. Mtafute mwenyeji wa kuwaongoza, mpatane ujira kabla ya kuondoka. Atawaonyesha mapango ya Mghimbi, ambayo wazee husimulia kwamba watu walijificha humo wasikamatwe na wafanya biashara ya watumwa. Hapo Mbaga ndipo alipoishi Jakob Dannholz, mmisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani, mwanzoni mwa karne ya 20. Aliandika kitabu juu ya mila za Wapare.

Jumatano, shukeni na gari la alfajiri. Jioni mko nyumbani.

Je, na Shengena? Kilele hicho ndicho kirefu kuliko vyote Upareni, karibu mita 2,460. Lakini kutoka Mbaga si matembezi ya siku moja. Ongezeni siku, na mpite kwanza kwa watu wa Wakala wa Huduma za Misitu mjini Same, maana kilele kimo ndani ya msitu wa hifadhi wa Chome na kuingia kuna kibali. Katika milima hiyo yumo ndege mdogo wa rangi ya kijani, mwenye duara jeupe machoni, asiyeonekana mahali pengine popote duniani.

MAMBO YA KUSHIKA

Kila mita 1,000 za kupanda hupunguza joto nyuzi 6 hivi. Mtoto anayetoka jasho stendi ya Same atatetemeka Shengena. Chukueni sweta, viatu vyenye meno, maji na chakula cha mchana.

Mkiwa msituni, ikifika saa saba mchana geukeni, hata kama kilele kiko mbele ya macho. Chini ya miti giza huwahi.

Msiende wakati wa masika, Machi hadi Mei, wala mvua za vuli zikiwa kali. Mwezi Novemba 2009 udongo uliporomoka Goha, Mamba Miamba, ukaua watu zaidi ya 20 waliokuwa majumbani mwao. Ikiwa mvua imenyesha siku mbili mfululizo, ahirisheni. Mlima hauhami.

Mwisho, andikeni kwenye karatasi jina la kijiji mtakakolala na siku ya kurudi, mkamwachie jirani. Akiona siku imepita, atajua pa kuanzia kuulizia.

Safari njema.