Nyamhongolo: Nenda Kuuliza, Fedha Iache Nyumbani

Kila Julai inapoelekea ukingoni, viongozi wa vikundi vya wavuvi na wakulima ninaowashauri kwenye manunuzi huniuliza swali lile lile: kuna haja ya kwenda maonesho ya wakulima ya Nane Nane mwaka huu? Vijana huongeza la kwao: si bei zote ziko kwenye simu? Wana haki ya kuuliza. Mtu wa Nansio hupanda meli asubuhi, hukaa ziwani saa nyingi, hulala mjini Mwanza, hula hotelini, halafu ndipo arudi Ukerewe. Nauli ile na malazi yale ni sehemu ya bei ya kitu atakachonunua, hata kama risiti haiyataji. Wa Sengerema na Geita wamepata nafuu tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kwa sababu ile foleni ya kusubiri kivuko imekwisha. Lakini nao wanaacha shamba na mwalo kwa siku nzima.

Jibu langu ni kwamba maonesho bado yana faida kubwa kwa mnunuzi, tena pengine kuliko zamani, ila faida yenyewe imehama. Anayekwenda viwanja vya maonesho vya Nyamhongolo, hapa Mwanza, na fedha mfukoni akitafuta bei nafuu, mara nyingi anaumia. Anayekwenda na maswali na kipimo cha tepu anarudi na kitu ambacho simu haiwezi kumpa.

Ili kuelewa sababu, tuangalie maonesho ya biashara yalikotoka. Mji wa Leipzig, Ujerumani, ulikuwa na gulio kubwa kwa karne nyingi. Wafanyabiashara walifika na shehena nzima kwa mikokoteni na kuuza papo hapo. Reli na viwanda vilipoenea, kuhamisha ghala zima kwenda gulioni kulikosa maana, na mwaka 1895 Leipzig ikaandaa maonesho ya sampuli: kiwanda kinaleta kielelezo kimoja kimoja, mnunuzi anakagua na kuagiza, mzigo unafuata baadaye. Maonesho makubwa ya leo yanafuata mtindo huo. Yale ya Guangzhou, China, yaliyoanza mwaka 1957 na kufanyika mara mbili kila mwaka, ndiyo wanayokwenda wafanyabiashara wetu wa Kariakoo, Dar es Salaam, na wa hapa Mwanza. Hakuna anayekwenda kule kununua jaketi moja. Wanakwenda kushika, kulinganisha, kuongea na mwenye kiwanda, kisha kuagiza.

Yetu ya Nyamhongolo, yanayozikutanisha Mwanza, Geita na Kagera huku ndugu zetu wa Simiyu, Mara na Shinyanga wakienda Nyakabindi kule Bariadi, ni maonesho na gulio kwa pamoja. Hapo ndipo mnunuzi anapochanganyikiwa. Banda la watafiti limepakana na banda la vyombo vya plastiki, na spika zote zinapiga kelele sawa. Wauzaji wengi wa vyombo, mablanketi na viatu wanafuata kalenda: Saba Saba Dar es Salaam mwezi Julai, Nane Nane mwanzoni mwa Agosti, kisha maonesho ya biashara ya Afrika Mashariki ambayo chemba ya wafanyabiashara, TCCIA, huyaandaa hapa Mwanza. Muuzaji huyo amelipia banda, usafiri, na chakula na malazi ya vijana wake. Gharama hizo lazima zirudi, na zinarudi kupitia kwako. Neno “ofa” likiandikwa kwa herufi kubwa halimaanishi kwamba bei imeshuka chini ya ile ya duka la mjini. Piga simu moja Makoroboi, hapa mjini, au Kariakoo ukiwa umesimama hapo hapo mbele ya banda. Siku hizi kifurushi kutoka Kariakoo kinapakiwa kwenye basi leo na kesho kiko stendi ya Nyegezi au Nyamhongolo. Kwa bidhaa za kawaida, maonesho hayana tena bei ya kukutoa Ukerewe.

Sasa tuje kwenye mali yenyewe, na nianze na mashine ya boti, maana ndiyo inayokula mtaji wa kikundi kuliko kitu kingine.

Kwenye maonesho mashine imefungwa juu ya stendi, imeng'arishwa, na imezungukwa na mabango. Kijana wa mauzo atakueleza nguvu za farasi. Wewe anza na mguu. Mashine yenye HP 15 huweza kuja na mguu mfupi, wa kama inchi 15, au mguu mrefu wa kama inchi 20. Kabla hujatoka nyumbani, pima kimo cha ubao wa nyuma wa mtumbwi, pale mashine inapofungwa, na uandike namba hiyo kwenye karatasi. Mguu ukiwa mfupi kuliko ubao, propela inakaa karibu na uso wa maji, inameza hewa, mashine inanguruma na chombo hakiendi. Ukiwa mrefu kupita kiasi, unakuvuta nyuma, unakula petroli, na kwenye mawe yetu haya ya Mwanza unagonga mwamba kabla hujaufikia mwalo. Bei ya mashine ya mguu mfupi na ya mguu mrefu inaweza kulingana kabisa, na kosa hilo halionekani kwenye picha ya simu.

Kisha omba iwashwe ndani ya pipa la maji. Mashine nzima hutema maji ya kupoza kwa mkondo usiokatika, na mkondo ukiwa dhaifu ujue pampu au impela ina tatizo. Ukiambiwa kwamba maonesho hayana pipa, uliza ni wapi hapa Mwanza unaweza kuiona ikiwaka. Omba kuona bamba la namba ya mashine na uhakikishe halijabanduliwa wala kubandikwa upya. Halafu uliza swali ninalolipa uzito kuliko yote: impela, plagi na propela za mashine hii ziko duka gani leo, na fundi anayeijua yuko Mwanza, Nansio au Dar es Salaam? Mashine inayozimika usiku katikati ya Kome na Ukerewe haisubiri spea ije kwa basi. Muuzaji akianza kusema “tutawaletea”, amekwisha kukujibu.

Taa za kuvulia dagaa zina hesabu yake, na hapa mabanda ya sola yanawatesa watu sana. Karabai zimepungua ziwani, na badala yake zimeingia taa za betri. Muuzaji anakwambia taa inawaka “usiku mzima”. Mwombe volti na ampea-saa za betri, uzidishe. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7 inabeba wati-saa 84. Ikiwa ni betri ya asidi, usiitumie zaidi ya nusu kila usiku, la sivyo itakufa mapema. Umebaki na 42. Taa ya wati 10 itawaka saa 4 na dakika chache. Betri ya lithiamu ya ukubwa huo huo hukuruhusu kutumia karibu yote, kwa hiyo taa hiyo hiyo itafika kama saa 8. Usiku wa giza, kuanzia jua linapozama hadi kuche, una karibu saa 12. Sasa unajua usiku wa muuzaji una saa ngapi. Hesabu hii inachukua dakika mbili, na inafaa ufanye mbele yake, kwa kalamu, akiwa anaangalia.

Nyavu nitazipita kwa haraka kwa kuwa wavuvi wenyewe wanazijua kuliko mimi. Jambo moja tu: lebo isikutoshe. Vuta tundu mpaka linyooke, pima kutoka fundo hadi fundo. Nyavu za makila zenye tundu la chini ya inchi 6 na nyavu za timba za aina zote zitakupeleka mbele ya maofisa uvuvi, na moto utakaowashwa mwaloni utateketeza fedha yako, ilhali muuzaji wa maonesho amekwisha kufunga turubai na kwenda mkoa mwingine.

Kuna vitu ambavyo bado nawahimiza watu wanunue pale pale, au angalau waweke oda. Cha kwanza ni mbegu kutoka kwa wanaoizalisha. TARI Ukiriguru, iliyoko Misungwi, ndiyo kituo cha utafiti kilichoitumikia pamba na mihogo ya kanda hii kwa miongo mingi. Kwa mkulima wa Sengerema au Ukerewe ambaye muhogo wake umeliwa na batobato na michirizi ya kahawia, dakika 20 na mtafiti mwenye pingili safi mkononi zina thamani kuliko banda zima la zawadi. Chukua jani lililougua kutoka shambani kwako, lifunge ndani ya mfuko, umwoneshe. Atakwambia ni ugonjwa gani. Wewe angalia kama shamba la jirani nalo linaugua, kwa sababu pingili safi zikipandwa katikati ya mashamba yanayougua zitaambukizwa tu. Mbegu za pakiti nazo, angalia kibandiko cha TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu, na uhakiki namba yake kabla ya kulipa.

Cha pili ni kazi za mafundi wetu wadogo: mashine za kukamua alizeti, za kukata majani ya mifugo, majiko sanifu, vikaushio vya dagaa. Watu hawa hawana duka la barabarani, na wengi wao shirika la viwanda vidogo, SIDO, ndilo linalowaleta. Mwaka 2021 Mwanza ilipokuwa mwenyeji wa maonesho ya wajasiriamali wa Afrika Mashariki, yale ya Jua Kali na Nguvu Kazi, wanunuzi wa huku waliweza kukutana na mafundi wa nchi jirani ambao wasingewapata kwa njia nyingine. Lakini hata kwa fundi wa Nyakato, hapa mjini, usichukue kilichopo bandani. Kile ni cha maonesho. Kimepakwa rangi mara mbili. Chukua anwani ya karakana, nenda kaone vinavyotengenezwa kwa wateja wa kawaida, ndipo uweke oda.

Na cha tatu hakiuzwi. Ni taasisi. TBS ya viwango, TASAC ya usalama wa vyombo vya majini, TAFIRI ya utafiti wa uvuvi, chuo cha uvuvi cha FETA kutoka Nyegezi, benki ya TADB inayokopesha wavuvi na wafugaji wa samaki kwenye vizimba: kuzizungukia ofisi hizi mjini ni kazi ya wiki nzima, na getini utaulizwa una miadi na nani. Nyamhongolo zimekaa kwenye viti vya plastiki zikikusubiri, na zimelipwa kukujibu. Inanisikitisha kuona mabanda haya yakiwa na watoto wa shule wanaokusanya vipeperushi, huku tajiri mwenye mitumbwi minne akipanga foleni ya mablanketi. Mwulize mtu wa TBS kuhusu taa uliyoiona banda la jirani. Mwulize wa TASAC kama lile jaketi okozi linalouzwa pale mbele linakubalika kwenye chombo chako. Ziwa hili tunalifahamu, tumezika watu wa MV Bukoba mwaka 1996 na wa MV Nyerere mwaka 2018. Jaketi lisiloelea halina bei nafuu.

Sheria nayo iko upande wa mnunuzi wa sampuli, kama atajisaidia. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka mzigo unaoletwa ulingane na sampuli uliyooneshwa na maelezo uliyopewa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakulinda dhidi ya maelezo ya uongo, na Tume ya Ushindani, FCC, ina ofisi ya kanda hapa Mwanza. Lakini utadai kwa ushahidi gani? Piga picha ya bidhaa na ya bamba lake. Mwambie muuzaji aandike kwa mkono wake, kwenye karatasi yenye mhuri: aina, ukubwa, muda wa waranti, na mahali waranti inapotimizwa. Dai risiti ya mashine ya EFD. Ukilipa kwa simu, lipa kwenye namba inayotoa jina la kampuni. Namba ikitoa jina la mtu binafsi, rudisha simu mfukoni.

Kuhusu siku ya mwisho, ni kweli bei hushuka. Agosti 8 jioni muuzaji anahesabu nauli ya kurudisha mzigo na anaona heri auze kwa hasara. Kwa sufuria, mwiko au jembe, nunua. Unakiona chote kilivyo. Kwa chochote chenye injini, betri au mbegu, jioni hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu asubuhi yake banda halipo.

Kikundi kikitaka ushauri wangu, nakiambia kitume watu wawili: fundi anayeitumia mali hiyo kila siku, na mtunza hazina asiye na fedha mkononi. Wamwone kila muuzaji, waandike, warudi. Baada ya wiki mbili wapige simu kwa wale watatu waliowaridhisha na kuulizia spea moja, plagi au impela. Atakayepokea na kutaja duka la Mwanza lenye spea hiyo, ndiye wa kuendea na fedha.

Waandaaji nao nina ombi kwao, na nimekuwa nikilirudia kwa yeyote anayenisikiliza. Maonesho ya kanda ya ziwa yanaoneshaje mashine za boti kwenye nchi kavu? Kila banda la mashine liwekewe pipa la lita 200 lenye maji, na mashine iwashwe kila mnunuzi anapoomba. Wakala wa Vipimo wapewe meza karibu na geti, yenye mizani, rula na kipimo cha betri, ili mtu apimiwe alichonunua kabla hajatoka nje. Gharama yake ni ndogo kuliko ya jukwaa la wasanii.