Baba wa Mswahili, bibi wa Mrusi

Mtoto wa Moscow akiita "baba", anayeitika ni bibi yake. Kwa Warusi neno hilo ni la mwanamke, hasa aliyekwisha kula chumvi. Georgia, kusini mwa milima ya Caucasus, mambo yamepinduka zaidi: "mama" ndiye baba, naye mama mzazi huitwa "deda". Lakini Uturuki, China na kwa Wayoruba wa Nigeria, baba ni baba kama wa Unguja.

Mwenye haraka atasema Mswahili na Mchina wamerithi neno kwa babu mmoja. Wanaisimu hawadanganyiki. Wanapopima undugu wa lugha, maneno ya namna hii huyaweka kando, kwani huzaliwa upya popote palipo na mtoto mchanga.

Chanzo ni mdomo. Kati ya mwezi wa 6 na wa 10 hivi, mtoto huanza kubwabwaja kwa silabi kamili. Sauti b, p na m hazihitaji ufundi wa ulimi. Midomo hubanwa ikaachiwa, taya likashuka, a ikatoka. Akirudia tunasikia baba, papa, mama. Hapo hajamwita mtu, anazoeza taya tu. Wazazi ndio wanaojipachika majina, tena kwa kugombania nani kaitwa kwanza.

Mbona basi m huelekea kwa mama? Roman Jakobson, mwanaisimu mzaliwa wa Moscow, alilijibu swali hilo katika makala ya mwaka 1960. Alitumia maneno 1,072 ya mama na baba yaliyokusanywa na mwanaanthropolojia George Murdock: sauti za puani, kama m, zilikuwamo katika asilimia 55 ya majina ya mama, na asilimia 15 tu ya majina ya baba. Mtoto anaponyonya, alisema Jakobson, mdomo umeziba, hivyo mguno hupitia puani. Baadaye akitamani titi huguna vilevile. Hoja nzuri, ingawa ni mwelekeo tu, si sheria, na Wageorgia ni mashahidi.

Hata ndani ya lugha moja neno huhama. Wajapani wa kale walimwita mama "papa". Karne zilivyopita p ikalegea ikawa h, na leo wanasema "haha". Kisha wakakopa "papa" ya Ulaya, safari hii kwa maana ya baba. (Kwetu papa yuko baharini na ana meno.) Wabantu nao hawajakubaliana: "taata" wa Waganda ni baba, "tata" wa Wakikuyu ni shangazi au mama mdogo.

Tena wazazi huwarudishia watoto majina hayo. Mama wa Lebanon humwita mwanawe "mama", hata akiwa wa kiume, kwa kuwa anampa cheo chake mwenyewe. Mama wa Kiswahili huangalia mtoto: wa kiume ni "baba", wa kike ni "mama", na pengine ndilo jina analoitwa siku nzima, hasa akiwa amerithi jina la babu au bibi ambalo mkwe huona haya kulitamka ovyo.