Manjano iliyojificha ndani ya kijani: Karatasi inavyofichua rangi za vyakula

Jirani yangu mmoja, mama wa mtoto wa miaka minne, alinijia majuzi akiwa na chupa mbili za plastiki mkononi. Mwanawe hutokwa na vipele vinavyowasha kila anywapo vinywaji fulani vya manjano, na daktari amemshauri amwepushe na rangi iitwayo tatrazini. "Sasa Profesa," akaniuliza, "hii chupa imeandikwa E102 na hii nyingine imeandikwa Yellow 5. Tatrazini sijaiona popote. Nimpe ipi?"

Nilimwambia asimpe yoyote. Majina yote matatu ni ya kitu kimoja. Tatrazini ndilo jina la rangi yenyewe, E102 ni namba yake ya Ulaya, na Yellow 5 ndivyo Wamarekani wanavyoiita. Kuna pia INS 102, namba ya orodha ya kimataifa ya Codex. Sisi watu wa lugha huviita visawe, na katika ushairi tunavifurahia sana. Kwenye chupa ya mtoto, visawe visivyofafanuliwa vinaweza kumdhuru.

Akashukuru, kisha akaongeza jambo lililonikosesha usingizi: "Basi nitampa peremende za kijani tu. Hizo hazina manjano."

Hapo ndipo lugha yetu, bila kukusudia, ilipompotosha. Tuyatazame majina ya rangi katika Kiswahili. Vivumishi halisi vya rangi ni vitatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. Hivi huchukua viambishi vya ngeli kama kivumishi kingine chochote. Rangi nyingine nyingi zimeazima majina ya vitu. Kijani imetokana na jani, kijivu na jivu, kahawia na kahawa, zambarau na tunda lenye jina hilo. Manjano ni ile bizari tunayotia mchuzini. Machungwa sina haja ya kueleza. Kwa hiyo msemaji wa Kiswahili anaposikia "kijani", akilini mwake kuna kitu kimoja kamili, yaani jani. Hafikirii mchanganyiko. Na anaposikia "kinywaji cha machungwa", kile kihusishi cha a-unganifu hakimwambii kama kinywaji kimetengenezwa kwa machungwa au kina rangi ya machungwa tu. Sarufi imeuacha mlango wazi, na mwenye kiwanda anapita.

Kiwandani, kijani ya peremende aghalabu hupatikana kwa kuchanganya rangi ya buluu na ya manjano, na hiyo ya manjano mara nyingi huwa ni tatrazini ile ile. Macho hayawezi kuitambua. Karatasi inaweza.

Mbinu yenyewe inaitwa kromatografia ya karatasi. Neno hilo lina asili ya Kigiriki na maana yake ni "kuandika kwa rangi". Aliyelibuni, mwaka 1906, ni mtaalamu wa mimea wa Urusi, Mikhail Tsvet, aliyetenganisha rangi za majani kwa kuzipitisha kwenye mrija uliojazwa unga wa chokaa. Jina lake la ukoo, Tsvet, maana yake kwa Kirusi ni rangi! Sijui kama alikuwa akijitania. Matumizi ya karatasi yalikuja baadaye, mwaka 1944, kutoka kwa Consden, Gordon na Martin, waliokuwa wakifanya kazi katika taasisi ya utafiti wa sufu mjini Leeds, Uingereza. Martin na mwenzake Synge walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1952.

Wanafunzi wetu wa Kidato cha Kwanza waliifanya kwa miaka mingi kwa wino na maua, ila kwa Kiingereza. Mjukuu wangu alikuwa mmoja wao, na ndiye niliyemwomba tuijaribu nyumbani. Nami, kwa mazoea ya kizamani, nikachora mstari wa kuanzia kwa kalamu yangu ya wino. Baada ya dakika kumi mstari wenyewe ulikuwa umepanda karatasi na kuacha vivuli vya buluu kila mahali. "Babu," akasema kwa upole, "si ungetumia penseli?" Risasi ya penseli haipandi na maji. Tukaanza upya.

Kwanza peremende. Ukiitia majini, sukari nayo humumunyuka na kuharibu kazi. (Wanakemia husema chumvi na sukari humumunyuka, ilhali barafu na samli huyeyuka. Katika mazungumzo sisi husema vyote vimeyeyuka, lakini tofauti hiyo inafaa kulindwa, hasa kwa kuwa kitenzi hicho ni ndugu wa kumumunya, jambo ambalo mtoto hulifanyia peremende.) Basi rangi hutolewa kwa uzi mweupe wa sufu. Tia peremende katika maji yenye matone ya siki, zamisha uzi, chemsha taratibu kwa dakika kadhaa. Rangi hizi za viwandani zina tabia ya asidi, nayo sufu huzishika. Suuza uzi: sukari inaondoka, rangi inabaki. Kisha uzi hupashwa moto katika amonia iliyozimuliwa, na rangi huachia. Hatua hii ya amonia ifanyiwe mahali penye hewa, na mwalimu awepo. Uzi uwe wa sufu kweli. Ule wa akriliki unaouzwa kwa bei ya chini hautafaa.

Kimiminika kikishapungua hadi matone machache, weka doa dogo kwa kijiti cha meno juu ya mstari wa penseli, sentimita 2 kutoka ukingo wa chini wa karatasi ya kuchujia. Likauke, uongeze jingine papo hapo. Kando yake weka doa la rangi unayoijua. Sisi tulitumia kile kinywaji cha jirani chenye E102 peke yake, baada ya kukipitisha kwenye sufu vilevile. Simamisha karatasi katika gilasi yenye maji kidogo yaliyotiwa chumvi, gramu 1 kwa lita, maji yasifike kwenye madoa. Funika, usubiri.

Maji hupanda yakibeba rangi, lakini kila rangi huvutwa pande mbili, na maji na pia karatasi. Wafikirie watu wawili wanaopita soko la Kongowea. Mmoja anasalimia kila mwenye kibanda, mwingine ana haraka zake. Walianza pamoja, ila hawatafika pamoja. Doa letu la kijani lilipasuka mbele ya macho yetu: buluu ikatangulia, manjano ikabaki nyuma yake. Na ile manjano ilisimama sambamba na doa la E102.

Wanakemia hawatosheki na "sambamba". Hupima umbali uliopandwa na rangi, wakaugawanya kwa umbali uliopandwa na maji, vyote kuanzia mstari wa penseli. Maji yakipanda sentimita 10 na rangi sentimita 6, uwiano ni 0.6. Rangi moja, katika karatasi na kimiminika kile kile, hutoa uwiano ule ule.

Hata hivyo, nisimdanganye msomaji. Madoa mawili yakitofautiana kwa kimo, hizo ni rangi mbili tofauti. Yakilingana, bado huenda ni rangi mbili zinazotembea kwa mwendo mmoja, kwa hiyo jaribio hurudiwa kwa kimiminika kingine kabla ya kusema neno. Karatasi haisemi kiasi pia. Kwa hilo kuna mitambo ya maabara. Na kuna rangi zinazomumunyuka katika mafuta pekee, mathalani Sudan I, iliyotiwa katika pilipili ya unga na kusababisha mamia ya bidhaa kuondolewa madukani Uingereza mwaka 2005. Hiyo ukiiweka kwenye maji ya chumvi itakaa pale pale kwenye mstari, nawe udhani hakuna kitu.

Nilimwonyesha mama yule karatasi ikiwa bado mbichi. Aliitazama kwa muda, akauliza mabuyu je. Nikamwambia mabuyu tuliyonunua sisi yalitoa doa moja jekundu, lakini siwezi kumwapia kuhusu ya muuzaji mwingine. Nikamwandikia kwenye kadi majina yote manne ya tatrazini ili aende nayo dukani, na chini yake: "Tazama hata kwenye kijani na machungwa." Akaisoma, akaniuliza mbona majina yote ni ya wageni.