Lafudhi na Hadhi: Safari ya Sauti /r/ katika Kiingereza

Lafudhi ni namna ya kutamka inayodokeza asili ya msemaji: eneo atokako, tabaka lake au lugha yake ya kwanza. Hutofautiana na lahaja, kwani lahaja hujumuisha pia msamiati na sarufi. Makala haya yanalenga kujibu swali moja: je, lafudhi yaweza kuwa bora kuliko nyingine kwa sababu ya sauti zake zenyewe? Tutafuatilia sauti moja tu ya Kiingereza, yaani /r/ inayofuata irabu katika maneno kama 'car' na 'farm'.

Wakati wa Shakespeare, aliyefariki mwaka 1616, sauti hii ilitamkwa katika sehemu kubwa ya Uingereza; ndiyo maana tahajia inaihifadhi hadi leo. Katika karne ya 18, wakazi wa London walianza kuidhoofisha, jambo ambalo John Walker aliligusia katika kamusi yake ya matamshi ya mwaka 1791. Baadaye, kuidondosha kukawa alama ya usomi na utabaka wa juu. Uskoti na Ayalandi ziliendelea kuitamka. Vivyo hivyo watu wa mashambani kusini magharibi mwa Uingereza, ambao matamshi yao yamezoeleka kuigizwa katika vichekesho kama usemi wa washamba.

Lafudhi husafiri pamoja na watu. Nchini Australia na Nyuzilandi, wasemaji wengi huidondosha /r/ hiyo. Hata hivyo, katika eneo la Southland, kusini kabisa mwa Nyuzilandi, walikolowea Waskoti wengi, sauti hiyo husikika. Nchini Marekani, sehemu kubwa iliihifadhi, ilhali Boston, New York na maeneo ya pwani ya kusini yaliidondosha.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mizani iligeuka mjini New York. Mwaka 1962, mwanaisimu William Labov alizuru maduka matatu makubwa ya mji huo, akiwauliza wauzaji swali ambalo jibu lake lilikuwa 'ghorofa ya nne', maneno ambayo kwa Kiingereza yana /r/ mbili za aina hii. Katika duka la matajiri, Saks, asilimia 62 ya wauzaji waliitamka, angalau mara moja. Katika Macy's, duka la watu wa kadiri, walikuwa asilimia 51, katika S. Klein, duka la bei nafuu, asilimia 20 pekee.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Sauti iyo hiyo inayomshusha msemaji mjini London humpandisha mjini New York. Hivyo basi, hadhi haimo katika sauti, bali katika nafasi ya watu wanaoitumia.

Kiswahili nacho kina ushahidi wa safari hii. Maneno kama kona, fomu na ripoti yaliingia bila /r/ ya Kiingereza iliyofuata irabu, jambo linaloonyesha kwamba yalipokewa kupitia matamshi yasiyokuwa nayo.

Funzo hili linatuhusu sisi wanafunzi na walimu wa Kiswahili. Kiunguja kilipoteuliwa katika kikao cha Mombasa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, Kimvita hakikuwa na kasoro yoyote ya kisauti. Aidha, mwanafunzi anayechanganya /r/ na /l/ kwa athari ya lugha mama anahitaji mazoezi, hasa pale maana inapopotea, kama katika 'kura' na 'kula'. Hahitaji kuchekwa, kwani kicheko hicho hupima asili yake, si akili yake. Tukimcheka, atanyamaza darasani, na asiyesema hajifunzi. Wahenga walinena: kila ndege huruka kwa ubawa wake.