Shamba Moja, Kazi Nyingi: Ardhi ya Kilwa na Lindi

Aghalabu shamba hudhaniwa kuwa kitu kisichobadilika. Lakini historia ya pwani ya Kilwa na Lindi yaonyesha kwamba kipande kimoja cha ardhi chaweza kuwa ghala la chakula, kisha chombo cha kuingizia serikali mapato, kisha akiba ya kurithisha watoto.

Hapo kale wakulima wa eneo hili walilima mtama na kunde kwa kuhamahama. Kichaka kilifyekwa na kuchomwa moto. Majivu yaliuongezea udongo potasiamu na kalsiamu, na kupunguza asidi yake; lakini naitrojeni nyingi ya majani ilipotea hewani pamoja na moshi. Baada ya misimu michache mavuno yalipungua, magugu yakazidi, na mkulima akaliacha shamba lipumzike. Miti iliyochipua upya ilivuta madini kutoka chini na kuyarudisha juu kwa majani yaliyopukutika. Basi kichaka hicho kilikuwa kazini: kilikuwa kikitengeneza rutuba ya mavuno yajayo.

Mnamo mwaka 1902 utawala wa Kijerumani ulianzisha mashamba ya pamoja ya pamba, na watu wakalazimishwa kuyalima. Mikono iliyohitajika katika palizi ya chakula ikachukuliwa na pamba. Mwezi Julai 1905 watu wa Nandete, katika vilima vya Matumbi, waling'oa pamba hiyo, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Miongoni mwa mambo yaliyogombewa ni kazi ya shamba: je, lilimwe kwa faida ya nani?

Badiliko jingine lilikuja kimyakimya. Mkorosho, mti wa asili ya Brazili ulioletwa Afrika Mashariki na Wareno katika karne ya 16, huvumilia udongo wa kichanga na kiangazi kirefu. Mkulima huupanda katikati ya mihogo na kunde, na kwa miaka ya mwanzo shamba huendelea kulisha nyumba. Matawi yakutanapo, kivuli huzuia mazao ya chini, na shamba la chakula huwa shamba la fedha. Tena mti huishi miaka mingi na hurithiwa. Mwenye nao hahami kwa urahisi. Hivyo mahali penye mikorosho mapumziko ya ardhi hukoma.

Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho zipatazo tani 145,000. Kisha mambo matatu yakaandamana: Operesheni Vijiji iliwahamishia wakulima wengi mbali na miti yao, bei iliyolipwa ilikuwa ndogo, na ugonjwa wa ubwiri unga, unaoletwa na kuvu, ukaua maua. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno hayakufika tani 20,000, na mikorosho mingi ikamezwa na vichaka. Baadaye unga wa salfa, uliochunguzwa na watafiti wa Naliendele, Mtwara, uliyaokoa maua, na bei zilipopanda katika miaka ya 1990 mashamba mengi yakapaliliwa upya.

Leo Mkoa wa Lindi ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa ufuta. Zao hili hustawi katika ardhi iliyofyekwa karibuni, ambamo magugu ni machache. Kwa hiyo vichaka na misitu hukatwa. Hapa pana hatari. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo msimamizi wa ardhi ya kijiji. Apangaye matumizi yake akikiona kichaka na kukiita ardhi isiyo na kazi, huenda akagawa shamba lililo mapumzikoni, na pamoja nalo rutuba ya miaka ijayo.

Wanafunzi wanaweza kulichunguza jambo hili wenyewe. Wachimbe mashimo mawili yenye kina cha sentimita 30, moja katika shamba linalolimwa kila mwaka na jingine katika kichaka jirani. Walinganishe rangi ya udongo, mizizi na wadudu. Kisha wawaulize wazee kila mahali palilimwa nini, na kwa nini pakaachwa.