Akirudi nyumbani baada ya kupasuliwa titi: Mtueni mzigo, lakini mkono usilale

Na MWANDISHI WETU

SIKU mgonjwa anaporuhusiwa kwenda nyumbani huwa ni siku ya furaha. Jamaa hufika mapema, mfuko hufungwa na wagonjwa wa vitanda vya jirani huagwa. Hata hivyo, kwa mama aliyetolewa titi kwa sababu ya saratani, kutoka hospitali si kupona. Kule wodini alikuwa na muuguzi wa kumwangalia usiku, na maji yalitoka kwenye mfereji. Akirudi Kibera au Kawangware, aghalabu hurudi katika chumba kimoja ambacho kitanda kimetengwa kwa pazia, maji hununuliwa kwa mtungi na choo ni cha ploti nzima.

Siku hizo za kwanza, yaani wiki mbili hivi baada ya upasuaji, ndizo tunazotaka kuzizungumzia leo. Usidhani ni jambo la watu wachache. Kwa makadirio ya shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, wanawake wapatao 6,800 walipatikana na saratani ya matiti nchini Kenya mwaka wa 2020 pekee, na zaidi ya 3,000 wakafariki. Huenda mmoja wao ni mama yako, dada yako, mwalimu wako au mama mboga wa kona yenu.

Familia nyingi hukosea kwa njia mbili. Kuna zile ambazo zikimwona mama anatembea na kuzungumza, husema amepona. Siku ya tatu yuko kwenye foleni ya maji. Nyingine nazo, kwa mapenzi tu, humlaza kitandani, humfunga mkono kifuani kwa leso na kumkataza hata kujichana nywele. Wa kwanza wataharibu kidonda, na wa pili wataharibu bega. Mama huyu anahitaji kupumzishwa mizigo, lakini mkono wake usipumzishwe mwendo.

Safari ya kurudi

Kibera iko karibu na Hospitali Kuu ya Kenyatta, na kwa mtu mwenye afya ni mwendo wa miguu. Siku hiyo msimtembeze. Anayekwenda Kawangware kwa matatu nambari 46 naye asisafirishwe jioni watu wanaposukumana. Ngojeni saa za katikati ya mchana. Aketi upande ambao mkono uliopasuliwa utaelekea dirishani, mbali na viwiko vya abiria, na awekewe leso iliyokunjwa kati ya kifua na mkanda wa kiti. Asijivute kwa mkono huo kupanda gari. Bodaboda zina mitikisiko mingi na si chombo cha siku hiyo.

Kabla ya kuondoka wodini, ulizeni mambo manne na kuyaandika: dawa zinamezwa saa ngapi, bandeji inabadilishwa lini na wapi, siku ya kurudi kliniki ni ipi, na nambari ya simu ya kupiga kukiwa na shida. Ulizeni pia habari za malipo. Bima ya NHIF ilibadilishwa na SHA tangu Oktoba 1, 2024, na matibabu yaliyobaki yanaweza kuchukua miezi mingi.

Chupa na mpira

Jambo linaloogopesha wengi ni mpira mwembamba unaotoka ubavuni na kuishia kwenye chupa. Kazi yake ni kutoa damu na maji yanayokusanyika mahali titi lilipokuwa. Mwanzoni maji hayo huwa mekundu, kisha ya waridi, na hatimaye huwa ya manjano hafifu. Hiyo ni dalili njema.

Chupa hizi si za aina moja. Kuna zinazomwagwa nyumbani na kuna zinazobadilishwa na muuguzi tu, kwa hivyo ulizeni yenu ni ipi. Ikiwa ni ya kumwagwa, anayeishika anawe mikono kwa sabuni kabla na baada, apime maji hayo kwa kipimo alichopewa, kisha aandike katika daftari: tarehe, saa, mililita na rangi. Kazi hii inamfaa sana binti au kijana wa sekondari aliye makini. Daktari hulitegemea daftari hilo, kwani mara nyingi mpira hutolewa maji yanapopungua chini ya mililita 30 kwa siku kwa siku mbili mfululizo. Aghalabu hilo hutokea katika wiki ya kwanza au ya pili.

Chupa ikae chini ya usawa wa kidonda wakati wote. Itieni katika mfuko mdogo wa kitambaa na kuufunga kiunoni, au muibane kwa pini kwenye nguo. Katika nyumba yenye watoto wadogo, msiiache ikining'inia. Mtoto akiuvuta mpira kwa mchezo, mtarudi hospitalini usiku.

Bandeji isilowe. Mama apanguswe kwa kitambaa na maji ya vuguvugu hadi muuguzi aseme anaweza kuoga. Choo kikiwa mbali na njia ina giza na mitaro, mwekeeni ndoo yenye kifuniko karibu na kitanda. Hakuna aibu. Kuteleza usiku wa manane ni hatari zaidi.

Mzigo wa kutua

Hebu tupige hesabu. Madaktari wengi humwambia mgonjwa kwamba katika wiki za mwanzo asiinue kitu kinachozidi kilo mbili hivi kwa mkono wa upande uliopasuliwa. Mtungi wa lita 20 ukijaa una kilo 20 za maji. Hiyo ni mara kumi!

Si mtungi pekee. Kusonga ugali kunataka nguvu za bega na kifua. Kukanda unga wa chapati, kukamua blanketi lililofuliwa na kuinua sufuria ya githeri ni kazi za misuli hiyo hiyo. Kumbeba mtoto mgongoni ni vibaya zaidi kwa sababu leso hupita juu ya kidonda. Mtoto aletwe kitandani, alale upande wa pili, mama amkumbatie hapo. Moshi wa jiko pia umkae mbali, kwa maana akikohoa kidonda huvutika. Kikohozi kikija, abane kifua kwa leso iliyokunjwa.

Hapa ndipo penye shida kubwa kwa jamaa wa mitaa hii. Wanawake wengi wa Kawangware hufua nguo katika nyumba za Lavington na Kilimani, na wengi wa Kibera huuza mboga au mitumba, hasa pale soko la Toi. Asipokwenda kazini leo, jioni hakuna unga. Kumwambia apumzike wiki nne hadi sita bila kumwonyesha chakula kitatoka wapi ni maneno matupu.

Kwa hivyo mipango ifanywe kabla ya upasuaji. Chama kiambiwe mapema, na zamu yake ya kupokea ikiwezekana isogezwe mbele. Jirani mmoja achukue maji, mwingine nguo, mwingine watoto wa shule. Nawe baba, usingoje dada yako atoke mashambani ndipo ugali usongwe. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

Mkono usilale

Wako wanaokumbuka nyanya au shangazi aliyepasuliwa zamani na mkono wake ukabaki umekauka. Kumbukumbu hiyo ina asili yake. Daktari Mmarekani William Halsted, katika miaka ya 1880 na 1890, alieneza upasuaji wa kuondoa titi pamoja na misuli ya kifua na tezi zote za kwapani, na njia yake ilitawala kwa miongo mingi. Siku hizi misuli ya kifua kwa kawaida huachwa, kwa hivyo mkono una nafasi nzuri ya kurudia kazi yake.

Hata enzi hizo, mwanamke mmoja wa New York, Terese Lasser, hakukubali kukaa na mkono uliolala. Baada ya kupasuliwa mwaka wa 1952 alijitungia mazoezi ya kamba na mpira, kisha akaanza kuwatembelea wanawake wenzake na kuwafundisha. Mpango wake wa Reach to Recovery ulienea katika nchi nyingi.

Mazoezi ya mwanzo hayahitaji pesa. Kama daktari hakukataza, huanza siku inayofuata upasuaji. Mwombeni mtoto ule mpira wa makaratasi anaochezea uani, mwoshe na kuufunga kwa kitambaa safi. Mama aufinye na kuuachilia. Akunje na kukunjua kiwiko. Azungushe mabega taratibu. Ajichane nywele na kunywa chai kwa mkono huo huo. Mara tano hadi kumi, asubuhi, mchana na jioni, zinatosha. Mpira wa kidonda ukiwa bado uko ndani, kiwiko kisipite usawa wa bega.

Ukishatolewa na daktari akikubali, mama asimame akitazama ukuta na kupandisha vidole polepole kama buibui. Wekeni alama kwa chaki alipofikia. Kesho ajaribu kupita hapo kidogo. Kuvutika ni kawaida. Maumivu makali ni ishara ya kusimama. Dawa za maumivu amezwe kwa saa zilizoandikwa, kwani asiyelala kwa maumivu hawezi kufanya mazoezi. Akilala, alale chali na mkono uwekwe juu ya mto.

Ganzi kifuani na ndani ya mkono ni jambo la kawaida. Wengine huhisi titi linawasha ilhali halipo. Si wazimu wala uchawi. Ni mishipa ya fahamu iliyokatwa. Ikiwa tezi za kwapani ziliondolewa, mkono unaweza kuvimba hata baada ya miezi au miaka, kwa hivyo auepushe na majeraha, aukinge na jiko, na akiona uvimbe amwone daktari mapema.

Dalili za kukimbilia hospitali

Dalili ya mvua ni mawingu. Msingoje siku ya kliniki mkiona mojawapo ya haya: joto la mwili linalofika nyuzi 38, kidonda chekundu kinachozidi kuuma, kunuka au kutoa usaha, kifua kinachovimba ghafla, chupa inayojaa damu nyekundu kwa haraka, mguu uliovimba na kuuma, au kushindwa kupumua vizuri. Hiyo ya mwisho si ya kungoja hata saa moja.

Mpira ukishatolewa, maji yanaweza kukusanyika tena chini ya ngozi na kufanya kivimbe laini. Hospitalini hutolewa kwa sindano safi. Asiguswe na mtu wa duka la dawa, na asipakwe majivu, mafuta wala mitishamba juu ya kidonda. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu anaweza kusaidia kupima joto na kuwaelekeza. Serikali ilipowazindua wahudumu 100,000 mnamo Septemba 2023, vifaa vyao vilijumuisha kipimajoto na mashine ya kupima presha.

Wageni na maneno yao

Chumba kimoja hakina siri, na maneno hupenya mabati. Saratani haiambukizi. Mama atumie kikombe chake cha siku zote na alale na watoto wake. Waambieni watoto ukweli kwa maneno mafupi: mama alikuwa na ugonjwa, ameupasuliwa, anapona. Mtoto asiyeambiwa kitu hujitungia hadithi ya kutisha zaidi.

Mgeni asimwambie, "Mshukuru Mungu, mama, mbona ni titi tu?" Wala asimsimulie aliyekufa kwa ugonjwa huo. Aseme, "Pole sana, mama. Leo nikuletee mitungi mingapi?" Kisha aondoke mapema.

Kwa mume, kuna saa ngumu ya kuliona kovu kwa mara ya kwanza. Mwache achague siku. Akikuonyesha, usigeuze uso. Namna utakavyomtazama ataikumbuka muda mrefu kuliko maumivu ya kisu.

Marehemu Mary Onyango, aliyekuwa naibu mwenyekiti wa Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, alipitia saratani ya matiti na akasimama hadharani kuisema, akiongoza shirika la Kenya Breast Health Programme hadi wengi wakathubutu kuitaja. Alifariki mwaka wa 2012. Na huko Thika, wanawake waliopitia ugonjwa huu wamekuwa wakifuma matiti ya uzi ya kuvaliwa ndani ya sidiria, yenye bei ya chini kuliko yale ya dukani. Hayo yangoje kidonda kipone. Kwa sasa nguo pana zenye vifungo mbele zinatosha.

Siku ya kurudi kliniki

Nyama iliyotolewa hupelekwa maabara, na majibu yake ndiyo humwongoza daktari kuamua kama mama atahitaji dawa za kuua saratani, miale, au vidonge kama tamoxifen ambavyo humezwa kwa miaka. Wako wanaoona kidonda kimefunga, wakafurahi, wasirudi tena. Msikubali hilo litokee nyumbani kwenu.

Wekeni nauli ya siku hiyo kando tangu sasa, pamoja na daftari la chupa. Mmoja wenu aende naye, asikilize na kuandika, kwa sababu mgonjwa peke yake husahau nusu ya anayoambiwa. Na jioni mkirudi, kabla hajafikiria kuushika mtungi, mkute umeshajazwa.