Manjano ya Jikoni na Umanjano wa Mtoto

Jumapili moja baada ya misa ya kwanza, bibi mmoja wa jumuiya yetu alinivuta pembeni. Katika pindo la kanga yake alikuwa amefunga kipande cha manjano mabichi. Mjukuu wake alikuwa na umri wa siku nne, na macho yake yalikuwa yamegeuka rangi. "Nimsagie kiasi gani, mwanangu? Ugonjwa si ni wa manjano, na dawa yake si ndiyo haya?" Nilimwuliza kama mtoto ananyonya vizuri. Akajibu kuwa tangu jana analala tu. Nikamwomba tuondoke saa ile ile, tumchukue mama na mtoto, twende hospitali.

Ndugu msomaji, si ajabu bibi kuwaza hivyo. Katika lugha yetu neno moja linabeba kiungo, rangi na ugonjwa. Mwezi huu tujaribu kuvitenganisha.

Kiungo chenyewe ni tunguu la mmea wa jamii ya tangawizi. Asili yake ni Asia ya Kusini, na hadi leo India ndiyo inayolima manjano mengi kuliko nchi zote. Kwetu hustawi Unguja na Pemba. Huchimbwa majani yakishakauka, hutokoswa, huanikwa juani mpaka yawe magumu kama kokoto, ndipo hutwangwa. Sokoni taja jina kamili. Ukiomba "binzari" tu, unaweza kupewa ya mchuzi, ambayo ni mchanganyiko wa viungo vingi, au binzari nyembamba, ambayo ni kitu kingine kabisa.

Rangi ya manjano huyeyuka katika mafuta kuliko katika maji. Kwa hiyo usiyanyunyize juu ya mchuzi unaochemka. Yatie kwenye mafuta kitunguu kinapoanza kulainika, nusu kijiko cha chai kwa sufuria ya familia, ukoroge kidogo tu kwa maana huungua upesi na kuwa machungu. Halafu tia nyanya, tui na samaki. Wali, viazi, kachori na urojo wa Unguja vyote huyapenda. Ongeza pilipili manga kidogo, kwani husaidia mwili kufyonza kile kilichomo ndani ya manjano. Na kama unapika maharage kwa magadi, usishtuke mchuzi ukipata wekundu; magadi hubadili rangi hiyo. Doa la manjano kwenye shati jeupe nalo hufanya hivyo likikutana na sabuni, kama akina mama wanavyojua.

Kwa upande wa dawa, wazee hawakuota. Wanawake wa Pwani husugua ngozi kwa liwa na manjano, na huko India hupakwa kwenye vidonda na kunywewa na maziwa tangu zamani sana. Mwaka 1995 watafiti wa chuo kikuu kimoja cha Marekani walipewa hati ya kumiliki matumizi ya manjano katika kuponya vidonda, kana kwamba ni ugunduzi wao! Baraza la utafiti wa sayansi la India lilipinga kwa kuonyesha maandiko ya kale, na mwaka 1997 hati hiyo ikafutwa.

Hata hivyo tusiyapandishe cheo kupita kiasi. Kiini chake, kurkumini, ni kama gramu 3 tu katika kila gramu 100 za unga, na mwili hufyonza kidogo sana. Majaribio kadhaa yameonyesha nafuu kwa wenye maumivu ya magoti, lakini vidonge vyenye kurkumini nyingi vimewahi kuumiza maini ya watu. Mwenye mawe katika kifuko cha nyongo, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, asimeze vidonge hivyo bila kumwuliza daktari. Kiasi cha mchuzini hakina neno.

Jambo jingine ni usafi wa unga. Huko Bangladesh, utafiti uliotangazwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa baadhi ya wafanyabiashara walikuwa wakiyang'arisha manjano kwa rangi yenye madini ya risasi, sumu inayodhuru ubongo wa watoto. Serikali ilipowabana, uovu huo ulipungua mno. Anayeweza kupanda mashina machache nyuma ya nyumba, au kununua mabichi na kuyatwanga mwenyewe, ana uhakika zaidi.

Sasa turudi kwa mtoto. Umanjano hutokea pale takataka ya chembe nyekundu za damu zilizovunjika inapozidi uwezo wa ini kuitoa. Ini la mtoto mchanga halijakomaa, ndiyo maana zaidi ya nusu ya watoto huonyesha rangi hiyo kidogo wiki ya kwanza, kisha huisha. Lakini ikizidi sana huingia katika ubongo, na mtoto anaweza kufa au kubaki kiziwi au mlemavu. Kwa ngozi nyeusi rangi hujificha, hivyo tazama weupe wa macho na ufizi kwenye mwanga wa mchana. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo ikiwa rangi imetokea kabla hajatimiza saa 24, imefika viganjani au nyayoni, hataki kunyonya, ni mlegevu, analia kwa sauti nyembamba isiyo ya kawaida au ana homa. Usimpe maji ya manjano wala dawa yoyote ya kienyeji. Aendelee kunyonya mara kwa mara. Jua la asubuhi peke yake si tiba. Hospitalini hulazwa uchi chini ya taa za mwanga wa buluu, macho yamefunikwa, na mwanga huo huigeuza ile takataka ili mwili uweze kuitoa.

Mtu mzima mwenye macho ya manjano naye apimwe, kwani chanzo chaweza kuwa homa ya ini, malaria kali au mawe ya nyongo.

Mjukuu wa bibi alikaa siku tatu chini ya taa hizo. Waliporudi nyumbani, bibi alikitwanga kile kipande na kukitia katika mchuzi wa samaki wa mzazi.